Nimenunua pinboli ya mwaka 1976 ikiwa mfu. Wanaojua rilei na koili njooni huku

#1 Mluguru wa Ohio (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Humu nimezoea kusoma tu na kupita, ila leo nimekwama.

Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Wiki mbili zilizopita jirani alikuwa anahama, akawa anauza vitu vya chumba chake cha chini ya nyumba. Nyuma ya friji kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka. Nikafunua, pinboli. Kwa asiyeijua: ni meza yenye mteremko, juu imefunikwa kioo, unarusha gololi ya chuma inagonga vitu huku na huku, ikishuka unairudisha juu kwa vijimkono viwili vilivyo chini, na namba zinapanda kwenye ubao uliosimama mbele yako. Hii inaitwa Royal Flush, imetengenezwa na Gottlieb wa Chicago mwaka 1976, wanacheza mpaka watu wanne. Ina vibao tisa vya karata kwenye mstari mmoja, ukikigonga kibao kinazama.

Aliomba dola 300. Nikampa 220 na kumsaidia kupakia makochi. Kuiteremsha ngazi za kwangu tulikuwa wanaume wanne, na mmoja bado analalamika mgongo.

Kilichoniua ni hiki: ndani hakuna kompyuta. Hakuna hata chipu moja! Kuna waya zilizofungwa pamoja kwa uzi kama mzigo wa kuni, rilei (swichi zinazovutwa kwa umeme) zimejipanga safu kwa safu, na mota yenye visahani vinavyozunguka. Mashine inajumlisha alama za watu wanne kwa vyuma vitupu.

Elimu yangu ya umeme ni kubadilisha soketi, pamoja na kuichokonoa redio ya marehemu baba kule Kilosa mpaka ikakata roho. Sijaichomeka ukutani bado. Nianzie wapi?

#2 Kisu Butu

Dola 220 kwa meza ya gololi. Mkuu, nyumbani wanajua?

Haya, ngoja waje wajuzi. Nimekaa paleee.

#3 Mvita Milwaukee

Karibu kwenye ugonjwa, ndugu yangu. Mimi ninazo tatu na mke wangu ameshaacha kuuliza. Umefanya jambo moja la maana sana, kutoichomeka. Endelea hivyo hivyo kwanza.

Tazama waya wa ukutani. Kama una miguu miwili tu, ondoa, weka wa miguu mitatu, na ule wa ardhi uufunge kwenye transfoma na kila chuma unachoweza kukigusa ukiwa unacheza: miguu, mlango wa sarafu, reli za pembeni. Upande wa ukutani ni volti 120, huo unaua. Baada ya transfoma ni volti ishirini na kitu kwa koili (waya uliozungushwa, ukipata umeme unavuta chuma) na sita hivi kwa taa, huo utakushtua tu.

Halafu fyuzi. Usiangalie kama ni nzima tu, angalia kama NI FYUZI kweli. Mashine hizi zilikaa kwenye baa na maduka ya pipi, na fyuzi ikikatika saa nne usiku mwenye baa hasubiri fundi. Soma namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya pembeni ya kishikio, kisha linganisha.

Na tafadhali, ukiona chupa ya mafuta ya kupuliza mkononi mwako, irudishe garini. Ndani ya pinboli hakupuliziwi kitu. Mafuta yale yanashika vumbi, yanageuka gundi, na yanawaka moto kwa cheche ya rilei.

Mwisho: USIFUTE kile kioo kilichochorwa cha ubao wa namba, upande wa nyuma. Upande wa mbele ni kioo, futa utakavyo. Nyuma ni rangi tupu, na rangi ya miaka hamsini ikikutana na kitambaa kibichi inaondoka nacho.

#4 Mluguru wa Ohio

Mvita, nimesoma hiyo aya ya mwisho nikiwa nimeshika kitambaa kibichi. Sitanii. Kidole gumba kimeondoka na kipande cha bluu kama ukucha wa mtoto. Nimekaa chini kwanza.

Fyuzi: kulikuwa na tano. Tatu halali. Moja ina namba mara mbili ya inayotakiwa. Ya tano si fyuzi, ni karatasi ya fedha ya sigara imeviringishwa ikasokomezwa. Kwa hiyo ule ufundi wa kwetu wa stendi hata Wamarekani wanao.

#5 Kisu Butu

Hahahaha, karatasi ya sigara! Binadamu ni wamoja.

#6 Ustadh wa Ubungo

Naomba kuuliza kwa nia njema. Si kamari hii? Inakula sarafu, unasubiri bahati yako.

#7 Mvita Milwaukee

Swali zuri, na si wewe wa kwanza. New York waliipiga marufuku mwaka 1942. Meya wao, Fiorello La Guardia, alizivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Hata Chicago kwenyewe, zilikokuwa zinatengenezwa, zilikatazwa kuchezwa miaka mingi. Na kwa zile za mwanzo hoja ilikuwa na mashiko: hazikuwa na vijimkono. Ulirusha gololi ukabaki kuitazama. Vijimkono, yaani flipa, vililetwa na Gottlieb mwaka 1947 kwenye mashine inayoitwa Humpty Dumpty, na hapo mkono wa mchezaji ukaanza kuwa na kauli.

New York waliruhusu mwaka 1976, mwaka ule ule wa mashine ya mleta uzi. Kijana mmoja, Roger Sharpe, alipelekwa mbele ya madiwani acheze wakiona. Akawaambia gololi hii itapita njia ya katikati, akavuta, ikapita. Mwenyewe amekiri miaka ya baadaye kwamba bahati ilimsaidia! Kwa hiyo ustadh, jibu nakuachia wewe.

#8 Mluguru wa Ohio

Mrejesho wa wiki tatu.

Nimebadilisha waya wa ukutani, fyuzi zote mpya. Nimefungua zile sehemu zinazohesabu kwa hatua, kisahani cha bakelaiti chenye vichwa vya shaba na vidole vya chuma vinavyopita juu yake. Grisi yake ilikuwa imeganda rangi ya asali, ngumu kama gundi iliyokauka. Nimeloweka kwa spiriti, nimesugua kwa mswaki wa zamani wa mke wangu (naamini ulikuwa wa zamani). Kilichokuwa hakisogei hata kwa kusukuma sasa kinaruka chenyewe kwa springi yake: tk, tk, tk. Nilikichezea robo saa nzima kama mtoto.

Jumamosi nikawasha. Taa zote! Karibu nilie. Nikabonyeza kitufe cha kuanza, magurudumu ya namba yakaanza kurudi sifuri, kelele kama cherehani kumi. Yote yamefika sifuri, yamesimama.

Mota haisimami. Inazunguka tu. Gololi haitolewi, mchezo hauanzi. Nimeiacha nusu dakika, nikazima. Nimejaribu mara kumi, vile vile.

Tatizo la pili, nimeunguza koili ya flipa ya kulia. Nilikuwa nimeshikilia kitufe ili nipige picha nzuri ya kuwatumia, nikasikia harufu ya samaki aliyesahaulika, kisha moshi. Picha ninayo, imetoka vizuri, moshi unaonekana.

#9 Mvita Milwaukee

Pole, ndiyo ada ya kujiunga. Koili ya flipa ina nyuzi mbili ndani yake: nene ya kupiga, nyembamba ya kushikilia. Flipa ikifika juu inasukuma swichi ndogo, swichi inafunguka, umeme unalazimika kupita na kwenye ile nyembamba, unapungua, unaweza kushikilia mpaka kesho. Swichi isipofunguka, ile nene inabeba mzigo wote na inaiva kwa sekunde chache. Nunua koili mpya, na uirekebishe swichi KABLA ya kuifunga.

Kuhusu mota, hapo kuna sababu mia. Ulizigusa swichi za magurudumu ya namba?

#10 Mluguru wa Ohio

Nilizisafisha zote. Na zilizoonekana zimepinda nilizinyoosha kwa koleo.

#11 Mvita Milwaukee

Zilizoonekana kwa nani? Ah, ndugu yangu. Kila anayeanza anafanya hivyo, hata mimi nilifanya, ubovu wa kwangu ulinichukua miezi minne kuutafuta. Swichi usiyojua kosa lake usiikunje.

#12 MjukuuWaTanga

Habari zenu. Mimi nimepita tu, sijui hata pinboli ni nini, ila babu yangu alifanya kazi kwenye mitambo ya simu tangu 1971, enzi za Jumuiya ya zamani, mpaka walipoleta mitambo ya kisasa. Kila siku anatusimulia rilei na tumechoka. Nimemsomea uzi huu leo baada ya chai, amenyanyuka kwenye kiti. Anauliza una mchoro wa umeme wa hiyo mashine?

#13 Mluguru wa Ohio

Dada, mpe babu shikamoo yangu. Mchoro upo, niliukuta umekunjwa ndani ya sanduku, karatasi kubwa kama kitanda. Nimeupiga picha vipande kumi na viwili, nakutumia pembeni sasa hivi.

#14 MjukuuWaTanga

Marahaba amepokea. Tumeenda steshenari, wametuchapia vipande vikubwa, babu ameviunganisha kwa gundi ya karatasi juu ya meza ya chakula. Tumekula kwenye mkeka. Bibi hajafurahi.

Nampa nafasi, naandika anavyosema:

"Mwambie kijana, hii naijua. Sijaiona, lakini naijua. Simu ya kuzungusha, ukizungusha tano, kile kisahani kikirudi kinakata umeme mara tano, na kule kwenye mtambo selekta, yaani mkono wa chuma unaochagua laini, inapanda hatua tano. Hii ya kwake ni hiyo hiyo. Gololi ikigonga penye alama 500, ile mota inatoa midundo mitano, gurudumu la mamia linasogea hatua tano. Hawa watu wametengeneza mtambo wa simu wakauwekea gololi.

"Sasa mota yake haisimami kwa sababu kuna rilei imeshikwa. Rilei ya kurudisha sifuri. Inashikwa na swichi nyingi zilizopangwa sambamba, moja kwa kila gurudumu. Gurudumu likiwa si sifuri, swichi yake imefunga. Likifika sifuri, inafunguka. Zote zikifunguka rilei inaachia, mota inasimama. Yeye anaona sifuri kwa macho. Mashine haioni kwa macho. Kuna swichi moja haijafunguka, na aliyeikunja ni yeye.

"Achukue karatasi. Karatasi kavu, ngumu kidogo, kama ya kadi ya harusi. Akate ukanda mwembamba. Mota ikiwa inazunguka, aupitishe kati ya pointi, vile vichwa vinavyogusana, za swichi ya gurudumu la kwanza, autoe, aende la pili. Mkono mmoja, mwingine mfukoni. Asiguse upande wa transfoma. Itakaposimama mota, hapo hapo ndipo."

Ameniambia nisibadilishe hata neno.

#15 Kisu Butu

Mkono mwingine mfukoni! Huyu mzee ameshakula shoti huyu.

#16 MjukuuWaTanga

Nimemsomea. Amesema ndiyo, ya volti 50, mwaka 1974, na aliyemwambia habari za mfukoni alikuwa tayari amechelewa.

#17 Tabata Relini

Samahani kuingilia, hii kitu naweza kuagiza Dar nikaiweka kwenye baa yangu? Umeme wetu utaikubali?

#18 Mvita Milwaukee

Utahitaji transfoma ya kushusha 230 iwe 120, nzito, si zile za kuchajia simu. Na umeme wa kwetu unapiga mara 50 kwa sekunde wakati wa Marekani ni 60, kwa hiyo ile mota itakwenda pole pole kidogo. Alama zitahesabiwa sawasawa ila kwa mwendo wa jioni. Mizigo na ushuru ndivyo vitakavyokuua.

#19 Mluguru wa Ohio

WAKUU.

Nimekata kadi ya mwaliko wa harusi ya binamu (samahani binamu). Nimefungua sanduku la juu, magurudumu yote yananitazama, mota inanguruma huko chini. Mchezaji wa kwanza, nikapitisha karatasi gurudumu baada ya gurudumu, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Mchezaji wa tatu, gurudumu la mamia: karatasi imeingia, kimya. Kimya kabisa, halafu kule chini gololi ikatolewa, ikabingirika kwenye njia ya kurushia, ikatulia.

Sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile.

Nikazima, nikachomoa ukutani, nikaenda na tochi. Ule ubapa wa swichi ulikuwa umekunjwa milimita moja, pengine hata isifike. Alama ya meno ya koleo langu ipo juu yake. Babu alisema.

Shikamoo babu, kwa mara ya pili.

#20 MjukuuWaTanga

Marahaba. Amecheka mpaka akakohoa. Anauliza hizo pointi ulizisafisha kwa kutumia nini?

#21 Mluguru wa Ohio

Msasa.

#22 MjukuuWaTanga

Hajacheka safari hii.

Anasema pointi za fedha hazipigwi msasa, msasa unachimba mifereji, mifereji inashika uchafu, cheche zinaongezeka, baada ya mwaka umerudi pale pale. Wao walipewa kijifaili kilaini kama ulimi wa paka. Kama huna, ile ile karatasi ngumu, uiloweshe spiriti, uibane kati ya pointi, uivute. Ikitoka nyeusi rudia. Ikitoka safi acha, usitafute sifa.

#23 Mvita Milwaukee

Msikilizeni mzee. Mimi nina mashine tatu na hilo la sifa limenihusu. Ila kwa pointi nyeusi ngumu za flipa, zile ni tungsten, hapo faili la kweli linaruhusiwa, karatasi haitafua dafu.

#24 MjukuuWaTanga

Amekubali. Amesema "huyo wa Mombasa ana akili."

#25 Mluguru wa Ohio

Miezi miwili tangu uzi uanze, huu hapa mrejesho kamili kwa mliokuwa mkiuliza pembeni.

Koili ya flipa mpya, imefungwa, swichi yake inafunguka vizuri. Nimeishikilia dakika tano saa mkononi, vuguvugu tu. Raba zote mpya. Gololi mpya, ile ya zamani ilikuwa na kutu yenye makali, ilikuwa inasugua rangi ya ubao kama msasa (neno hilo sitalisema tena). Ubao wenyewe nimeusafisha kwa dawa ya kung'arishia plastiki na pamba, eneo la ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja. Chini ya uchafu ilikuwepo nyekundu ambayo sikujua kama ipo. Palipobanduka nimepaacha. Kile kipande cha bluu kwenye kioo nacho nimekiacha, mtoto wangu anakiita "kidole cha baba".

Gharama zote, ukiacha mashine, dola 163. Mke wangu ana rekodi ya nyumba: 61,480. Mimi sijamfikia na sitaki maswali.

Babu, nimekurekodia sauti dakika moja, nimeituma kwa mjukuu wako. Ni kengele zenyewe, si spika: vinyundo vinagonga vipande vya chuma. Mchezo mzima kuanzia kurusha gololi mpaka inapotea.

#26 Kisu Butu

Naomba niseme jambo. Nilianza uzi huu nakucheka. Jana nimetafuta bei ya pinboli mbovu. Nipo Leicester. Tusiulizane.

#27 MjukuuWaTanga

Tumemsikilizisha babu, nimemwekea kwenye spika ya redio. Amesikiliza mara moja. Amesema irudie. Amesikiliza mara ya pili amefumba macho, anahesabu kwa vidole. Mara ya tatu ameinua mkono nisimamishe.

"Sekunde ya thelathini na kitu, gololi imegonga penye 500. Kengele imelia mara nne. Mwambie aangalie zile swichi za visahani vya mota, kuna moja inaruka mdundo. Enzi zetu hapo ungekuwa umempigia mtu mwingine."

#28 Mluguru wa Ohio

Nimerudia kusikiliza. Nne kweli.

Nashuka chini na kadi ya harusi.